Akupancha, sindano kavu au hijama: uende wapi na maumivu yako?

Mtu ambaye mgongo umemuuma kwa miezi, na diklofenaki amekwisha kumeza hadi tumbo limekataa, hakosi washauri. Mmoja humwambia aende kwa Mchina akachomwe sindano, yaani akupancha. Mwingine humwambia siku hizi hata idara ya fiziotherapia wanachoma sindano zilezile, ila wao huziita sindano kavu. Na kama anakaa Mombasa, Tanga au Unguja, shangazi hatakosa kumkumbusha hijama: akaumikwe kwa vikombe, damu itoke, mwili uwe mwepesi.

Tiba hizi huchanganywa sana kwa sababu zote zinapenya ngozi na zote hutangazwa kwa maumivu. Lakini mtu anayekufanyia, anachokitafuta mwilini mwako na hatari unayoibeba kurudi nayo nyumbani ni vitu tofauti. Kwa hiyo nimezipitisha kwenye vipimo vilevile: inaelezaje ugonjwa, utafanyiwa nini ukifika, utafiti umeona nini, hatari zake ni zipi, inakula muda na fedha kiasi gani, na nani anamsimamia mtoa huduma. Umri wa tiba sikuuweka kuwa kipimo, ingawa matangazo mengi huanzia hapo.

Kabla hujachagua yoyote

Pata kwanza jina la ugonjwa wako hospitalini. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwetu si ugonjwa wa nadra. Ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kukutoka bila kujizuia, miguu kuishiwa nguvu: hayo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kichwa kinachopasuka ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuiona, uvimbe unaokua, na maumivu ya kifua. Sindano inayopunguza maumivu ya ugonjwa usiojulikana inaweza kukupa miezi ya nafuu huku ugonjwa wenyewe ukijenga nyumba.

Mgonjwa anayefaa kuendelea kusoma ni yule aliyekwisha kupimwa, akaambiwa ana maumivu ya misuli, viungo au kichwa ya muda mrefu, na sasa anatafuta nyongeza.

Kila tiba inavyoueleza ugonjwa wako

Katika tiba ya jadi ya Kichina, mwili una nguvu ya uhai iitwayo qi inayopita katika njia maalumu. Qi ikikwama au ikipungua, mtu huumwa. Njia kuu ni 14, na katika mpangilio uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani zina pointi 361. Ndiyo maana watu watatu wenye maumivu ya kichwa wanaweza kuchomwa sehemu tatu tofauti: mmoja ataambiwa ini lake lina moto, mwingine damu yake ni dhaifu, wa tatu ameingiwa na upepo. Usishtuke ukiambiwa "ini". Hapo halizungumziwi lile linalopimwa maabara, bali mkusanyiko wa dalili wenye jina hilo. Njia hizo za qi hazijaonekana kwa mpasuaji wala kwa darubini, na daktari mkweli wa akupancha hatakuficha hilo.

Historia yake ina mikunjo zaidi ya ile ya vipeperushi. Huangfu Mi aliandika kitabu kizima cha sindano katika karne ya 3. Miaka ya 1020, zama za wafalme wa Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu za shaba zenye matundu kwenye pointi, na inasimuliwa kwamba zilipakwa nta, zikajazwa maji, na mwanafunzi aliyechoma pahala sahihi aliona maji yakitoka. Kisha mwaka 1822 Mfalme Daoguang akaifuta tiba ya sindano katika chuo cha matabibu wa ikulu. Ilirudishwa kwa nguvu na serikali ya kikomunisti miaka ya 1950, na mwaka 1956 vikafunguliwa vyuo Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Kinachofundishwa leo kama "jadi" ni kile kilichopangwa upya katika vyuo hivyo. Sisemi ni kibaya; nasema mtu akikuuzia "siri ya miaka 5000", muulize alisoma chuo gani.

Magharibi iliisikia zaidi mwaka 1971, pale James Reston wa gazeti la New York Times alipopasuliwa kidole tumbo Beijing. Hadithi hupotoshwa: upasuaji ulifanywa kwa dawa za ganzi za kawaida, na sindano za Kichina zilikuja baadaye, kutuliza tumbo lililojaa gesi. Kwetu habari zilifika kwa njia nyingine. Timu za madaktari wa China zilianza kuja Zanzibar mwaka 1964, na hadi leo hutoka mkoa wa Jiangsu, wakati zile za Tanzania Bara hutoka Shandong. Wazee wengi wa Unguja na Pemba wanamjua "daktari wa Kichina" kwa njia hiyo, si kwa duka la virutubisho.

Sindano kavu hazina habari ya qi. Zinatokana na kazi ya madaktari kama Janet Travell, aliyemtibu Rais Kennedy wa Marekani, waliochora ramani ya vifundo vya misuli: sehemu ngumu ndani ya msuli ambazo ukizibonyeza huuma, na mara nyingi maumivu hurukia kwingine. Kifundo cha bega hupeleka maumivu kichwani, cha tako hupeleka mguuni. Zinaitwa kavu kwa kuwa hakuna dawa inayoingizwa. Mwanzoni madaktari walikuwa wakidunga dawa ya ganzi kwenye vifundo hivyo, kisha ikaonekana kwamba sindano yenyewe, hata bila dawa, inafanya kazi.

Hijama, au kupiga chuku kama wazee wanavyosema, inaeleza ugonjwa kwa damu: damu iliyokaa vibaya ivutwe, itoke. Matabibu wa Kiislamu wa karne za kati waliiandika kwa kina, na kwa Mwislamu ina uzito wa ziada kwa sababu Mtume aliitaja miongoni mwa tiba. Wengi huchagua tarehe 17, 19 au 21 za mwezi wa Kiislamu. Anayeifanya kwa nia ya sunna ana sababu yake, na sababu hiyo haisubiri majaribio ya maabara. Ila ile kauli ya kwamba damu iliyogandia kwenye kikombe ni "sumu", hiyo ni kauli ya mwili na inaweza kupimwa. Ini na figo ndizo zinazosafisha damu, na damu kuwa nyeusi na nzito ndani ya kikombe si ajabu. Damu yoyote iliyokaa nje ya mshipa huganda.

Utafanyiwa nini ukifika

Kwa daktari wa akupancha ziara ya kwanza ni ndefu. Atakuuliza usingizi, choo, hedhi, unachopenda kula, kama unasikia baridi au joto. Atakuambia utoe ulimi auangalie, kisha ataweka vidole vitatu kwenye mapigo ya mkono mmoja na baadaye wa pili. Halafu utalazwa.

Sindano zenyewe ni nyembamba, nyingi zina unene wa kati ya milimita 0.20 na 0.30, ilhali ya kuchotea damu hospitalini hufika 0.8. Hazina tundu. Kuingia kwake wengi hawakusikii. Kinachosikika huja baada ya daktari kuizungusha: uzito, ganzi, kujaa, au kama umeme mwepesi unaotembea. Wachina huita deqi na wao huitafuta, kwa hiyo usidhani umeumizwa. Lakini maumivu makali ya kuchoma, au umeme unaopiga hadi vidoleni, sema papo hapo. Utalala na sindano dakika 20 hadi 30. Usishangae umeumwa mgongo ukachomwa chini ya goti: pointi ya Zusanli iko hapo na hutumika kwa mambo mengi.

Huenda akaongeza moksa, yaani majani makavu ya pakanga ya Kichina yanayowashwa karibu na ngozi. Mmea huo ni ndugu wa ule uliotupatia dawa mseto ya malaria, ingawa kazi zao hazihusiani. Moshi wake ni mwingi. Mwenye pumu aseme mapema. Wengine huunganisha sindano na mashine ndogo ya umeme, na wengine hutumia vikombe visivyotoa damu.

Mfiziotherapia atakupima kwanza namna unavyoinama, unavyogeuza shingo, unavyonyanyua mkono. Kisha atapapasa msuli mpaka apate kile kifundo, na hapo sindano, ambayo ni ileile ya Kichina, inaingia na kuchezwa juu na chini. Msuli hushtuka wenyewe kama mtu aliyeguswa usingizini. Inauma kuliko akupancha, tuseme kweli, ila hudumu sekunde chache hadi dakika kadhaa. Siku moja au mbili zinazofuata msuli utakuwa na uchovu wa mtu aliyelima. Utaondoka na mazoezi ya kufanya nyumbani, na mazoezi hayo ndiyo tiba kuu. Sindano imekuja kuyafungulia njia.

Hijama: vikombe vya plastiki hubandikwa mgongoni na hewa hufyonzwa kwa pampu ndogo. Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe na mdomo wa mwumishi. Ngozi ikishavimba, vikombe huondolewa, ngozi huchanjwa kidogo kwa kisu cha upasuaji au wembe, vikombe hurudishwa na damu hujaa. Alama za duara hukaa siku kadhaa hadi wiki mbili. Zile alama ambazo dunia iliziona mabegani mwa mwogeleaji Michael Phelps kule Rio mwaka 2016 zilikuwa za vikombe vikavu, visivyo na chale.

Utafiti umeona nini

Hapa akupancha ndiyo yenye mafaili manene, na matokeo yake yanawakera wanaoipenda na wasioipenda vilevile.

Chukua jaribio kubwa la Ujerumani lililotangazwa mwaka 2007. Wagonjwa 1162 wa maumivu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walipata akupancha ya Kichina. Wa pili walichomwa sindano za uongo: juujuu tu, mahali pasipo pointi. Wa tatu walipata tiba ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kundi la kwanza, 44.2 la pili, na 27.4 la tatu. Soma tena namba hizo. Kuchomwa sindano kulishinda tiba ya kawaida kwa mbali, lakini kuchomwa "mahali sahihi" hakukushinda kuchomwa ovyo kwa tofauti ya kujivunia.

Uchambuzi uliounganisha majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827, uliotoka mwaka 2018, uliona picha inayofanana: kwa mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, akupancha ni bora kuliko kutochomwa, na bora kidogo kuliko sindano za uongo, sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Taasisi ya NICE inayoandikia hospitali za Uingereza miongozo imeyumba na namba za aina hii. Mwaka 2012 iliikubali kwa kuzuia kipandauso na kichwa cha msongo, hadi mara 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Mwaka 2016 ikaikataa kwa maumivu ya chini ya mgongo. Mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine kinachojulikana. Marekani nako, bima ya wazee, Medicare, tangu Januari 2020 inalipia mgongo uleule ambao NICE iliukataa.

Ninavyolisoma mimi: ukiwa na maumivu sugu, una nafasi halisi ya kupata nafuu, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo inatokana na mambo ambayo hayana uhusiano na ramani ya qi, kama mwitiko wa mishipa ya fahamu kwa sindano yoyote, kulala kimya nusu saa, kusikilizwa na matarajio. Kwa hiyo usimlipe mtu mara tatu kwa sababu anadai anajua pointi ambazo wenzake hawazijui.

Nje ya maumivu, ushahidi unaokubalika zaidi ni wa kichefuchefu baada ya upasuaji na cha tibakemikali, yaani dawa kali za saratani. Jopo la taasisi za afya za Marekani lilisema hivyo mwaka 1997. Kwa wanaotafuta mtoto kwa njia ya kupandikiza, jaribio la Australia na New Zealand la wanawake 848 (2018) lilipata watoto hai asilimia 18.3 kwa waliochomwa sindano za kweli na 17.8 kwa waliochomwa za uongo, yaani hakuna tofauti. Kwa kiharusi, ambacho ndicho kinachowapeleka wengi kwa daktari wa Kichina, hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba sindano hurudisha nguvu za mkono. Usiache fiziotherapia ya kila siku kwa ajili yake. Na kisukari, presha, VVU, nguvu za kiume: anayekuambia acha dawa uchomwe, mkimbie.

Sindano kavu zina majaribio mengi madogo. Kwa shingo, bega na mgongo huonyesha nafuu ya wiki za mwanzo kuliko kutofanya kitu. Ya muda mrefu haijathibitika vizuri, na zikishindanishwa na tiba nyingine za fiziotherapia tofauti hupungua. Faida yake ni kwamba haziahidi mengi.

Hijama ina utafiti kutoka China, Saudia, Irani na Ujerumani kuhusu mgongo na shingo. Wagonjwa wengi husema wamepata nafuu ya muda mfupi. Shida ni kwamba huwezi kumchanja mtu asijue amechanjwa, hivyo kundi la kulinganisha ni gumu kulitengeneza, na majaribio mengi ni madogo na dhaifu.

Hatari, na nani akae mbali

Kwa mtu aliyefunzwa, akupancha ni salama sana. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2001 ulifuatilia tiba 34,000 bila kupata tukio hata moja zito. Kawaida ni tone la damu, alama ya bluu, kizunguzungu. Kuzimia hutokea zaidi kwa aliyekuja na njaa, kwa hiyo kula kitu saa moja au mbili kabla. Hatari nzito ipo, nayo ni sindano kutoboa pafu. Ni nadra, lakini huhusu akupancha na sindano kavu sawasawa, hasa zikichomwa juu ya bega, katikati ya mbavu na kifuani. Ukitoka kliniki ukasikia kichomi na pumzi inakata, hata saa kadhaa baadaye, nenda hospitali na useme ulichomwa sindano.

Hatari inayonitia wasiwasi zaidi kwetu ni ya vifaa kurudiwa. Virusi vya homa ya ini B na VVU havijali kama wembe ni wa mganga wa chale, wa mwumishi au wa saluni. Sindano za akupancha leo huja katika pakiti moja moja, za kutumika mara moja. Mwambie aifungue mbele yako. Kwenye hijama dai hilo linapaswa kuwa kali maradufu, maana damu ni nyingi: kisu kipya, vikombe vipya au vyako mwenyewe, glovu, na chombo cha kutupia vyenye ncha. Asiyetaka kuulizwa hayo amekwisha kukujibu.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na wenye hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, waache hijama kabisa, na sindano wasifanye bila idhini ya daktari wao. Wenye upungufu wa damu, selimundu, au kisukari chenye vidonda visivyopona pia hijama si yao. Mjamzito aseme mapema: pointi kama Hegu ya mkononi na Sanyinjiao ya juu ya kifundo cha mguu huepukwa kwa desturi wakati wa mimba. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe na mashine ya umeme. Mficha uchi hazai: mtoa huduma asiyejua una nini hawezi kukulinda.

Suala la Ramadhani huulizwa sana. Sindano hazilishi, na wanazuoni wengi hawazioni kuwa zinafuturisha. Hijama ina hitilafu: wafuasi wa Hanbali huona inabatilisha funga, wanazuoni walio wengi wakiwemo Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, huona haibatilishi ila ni makuruhu kwa anayedhoofika. Rahisi ni kufanya usiku, au kumuuliza shehe wako.

Muda na fedha

Akupancha huuzwa kwa ziara lakini hufanya kazi kwa mfululizo, kwa kawaida mara 6 hadi 10, moja au mbili kwa wiki. Uliza bei ya mfululizo mzima, na ongeza nauli. Sindano kavu kwa kawaida ni mara chache zaidi na huingia ndani ya ada ya fiziotherapia, hivyo ina nafasi nzuri zaidi ya kulipiwa na bima. Piga simu bima uulize kabla. Hijama ni ya mara moja moja, mara nyingi ndiyo nafuu kwa mfuko, na hulipiwa kwa kila kikombe au kwa kikao.

Tahadhari moja ya fedha. Mijini kuna maduka yenye sura ya Kichina ambako sindano hata hazipo: unashika chuma cha mashine, kompyuta inatoa karatasi ya magonjwa yako yote, kisha unauziwa boksi za virutubisho kwa bei ya kutisha. Mashine ya kushika mkononi haiwezi kupima figo, ini na uzazi kwa dakika moja. Hiyo si akupancha ya jadi wala ya kisasa.

Nani anashika sindano

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, na mtoa huduma wa tiba mbadala anatakiwa kusajiliwa na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo. Zanzibar ina utaratibu wake. Omba kuona cheti cha usajili. Mara nyingi huwa kimebandikwa ukutani. Kwa sindano kavu uliza mawili: usajili wa fiziotherapia, ambao Kenya hutolewa na baraza lililotokana na sheria ya mwaka 2014, na mafunzo ya ziada ya sindano, maana shahada ya fiziotherapia peke yake haimaanishi amefundishwa. Kwa hijama usimamizi kwetu ni mlegevu kuliko Saudia na Imarati, ambako serikali hutoa leseni maalumu, ingawa mwumishi aliyewahi kuwa muuguzi hupatikana ukimtafuta. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke atampata kwa urahisi zaidi kwenye hijama. Kwa akupancha apige simu kwanza.

Kwa hali yako

Una kipandauso mara kadhaa kwa mwezi na dawa za kuzuia zinakusumbua: akupancha ina hoja nzuri hapa. Weka daftari la siku za maumivu mwezi mmoja kabla ya kuanza, la sivyo hutajua kama imesaidia.

Shingo au bega limekakamaa kwa sababu ya kompyuta, cherehani au bodaboda, na unaweza kuonyesha kwa kidole panapouma: anza kwa mfiziotherapia, sindano kavu zikiwa sehemu ya mpango wenye mazoezi. Ukitaka sindano bila mazoezi, nafuu itakuwa ya muda.

Mgongo sugu, vipimo havionyeshi kitu, umechoka na vidonge: akupancha au sindano kavu, ile iliyo karibu na yenye mtu aliyesajiliwa. Umbali una maana kuliko falsafa, kwa sababu tiba ya mara nane iliyo safari ya saa tatu utaiacha ya tatu.

Unataka hijama kwa ajili ya sunna, afya yako ni nzuri, damu yako haina shida: nenda kwa anayefungua vifaa vipya mbele yako, na usiitegemee kuwa tiba ya presha au sukari.

Mgonjwa wako amepata kiharusi: fiziotherapia kwanza na kwa wingi. Familia ikitaka kuongeza akupancha, iwe nyongeza isiyogusa fedha za mazoezi wala dawa za presha. Hijama aiache, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Umekwisha kuchomwa mara sita na daftari lako halionyeshi tofauti: simama. Mtoa huduma mzuri mwenyewe ndiye atakayekuambia hivyo.

Unaogopa sindano kabisa, na shida yako ni kichefuchefu cha safari au cha mimba changa: unaweza kubonyeza pointi ya Neiguan bila kumlipa mtu. Pima upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, upande wa ndani wa mkono, katikati ya kano mbili. Bonyeza kwa dole gumba dakika mbili tatu, kila mkono, rudia inapohitajika. Ukitapika kiasi cha kushindwa kubakiza maji, acha kubonyeza uende kliniki.